Msimkate dereva mshahara kabla hamjapima betri

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Unga Limited, Arusha, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 21. Ninachotaka kusema kinawahusu wenye kampuni za safari, hasa wale wanaopeleka wageni kulala kwenye mahema huku wakivuta trela lenye friji, taa, pampu ya maji na soketi za kuchajia simu. Kila msimu ukichanganya nawaona madereva wakikatwa mishahara kwa sababu ya betri iliyokufa porini. Mwezi uliopita zamu ilimfikia mtoto wa dada yangu.

Alikuja gereji Jumapili jioni kwa bodaboda, betri imefungwa nyuma kwa mipira. Akaniamkia, akaishusha, akaiweka chini ya mwembe pale ninapofanyia kazi. Nikamuuliza ni ya nini.

"Ya trela, mjomba. Wamenikata. Laki tatu na sitini, kwa miezi mitatu. Wakasema nichukue na hii, ni yangu sasa."

Akanisimulia. Walikuwa Seronera, ndani ya Serengeti, kambi ya Pimbi, usiku wa kwanza. Saa nane usiku friji ikazima. Asubuhi mpishi akafungua akakuta siagi imelegea na kuku wa siku mbili mbele hawafai tena. Taa za jikoni hazikuwaka, kifungua kinywa kikapikwa kwa tochi za simu. Kibaya zaidi, kulikuwa na mgeni mzee anayelala na mashine ya kumsaidia kupumua, na ile mashine nayo ilizima. Mzee wa watu aliamka hajalala, kichwa kinamuuma, na mkewe alikuwa na haki ya kukasirika. Waliporudi Arusha ofisi haikuuliza mengi. Ikasema dereva aliacha vitu vikiwaka ovyo, akaua betri, ailipe.

Mimi sikusema kitu siku ile. Nilimwambia aiache, nitaipima.

Ni betri ya maji ya N100, yenye vifuniko sita juu. Niliiweka kwenye chaja ya ampea 10 kuanzia Jumapili usiku mpaka Jumatatu usiku, saa 24 kamili, nikaitoa ikapumzika hadi asubuhi. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6 au 12.7. Hii ilisoma 12.1. Nikafungua vifuniko nikachukua kipima maji, kile kibomba cha kioo chenye kibofu cha mpira juu na kiboya ndani. Unabana kibofu, unachovya, unaachia, maji yanapanda, kiboya kinaelea na unasoma mstari. Maji ya betri iliyojaa yana uzito wa 1.265 hivi ukilinganisha na maji matupu. Tundu la kwanza lilinipa 1.170, la pili 1.165, la tatu 1.170, la nne 1.160, la tano 1.165, la sita 1.170.

Naomba wenye kampuni wasome hizo namba taratibu, kwa sababu ndani yake ndimo kisa chote kilimo. Betri ikiwa na kasoro ya kiwandani, au seli moja ikipiga shoti ndani, utakuta matundu matano yana 1.250 na moja lina 1.100. Hapa yote sita yako chini, na yako chini sawasawa. Hiyo ni betri iliyokaa na njaa muda mrefu. Betri inapotumika, risasi na tindikali huacha salfeti kwenye sahani zake. Ukiichaji mapema ile salfeti inayeyuka na kurudi kwenye maji. Ukiiacha tupu wiki baada ya wiki inaganda kama chumvi kwenye sufuria, na hapo hata uichaji mwaka mzima hairudi. Nilimulika tochi kwenye tundu la tatu nikamwonyesha mpwa wangu: vichwa vya sahani vilikuwa vyeupe kama vimepakwa chokaa.

Kisha nikaitwisha mzigo. Nilifunga globu ya taa kubwa ya watt 55, ambayo inakula ampea 4.6 hivi, nikaiwasha saa mbili kamili asubuhi. Saa sita kasoro dakika kumi testa ikasoma 10.5, nikazima. Fanya hesabu, ampea mara saa: ni ampea-saa 18 kwa kubana sana. Betri iliyoandikwa 100 ubavuni imebaki na 18.

Hakuna dereva anayeweza kuifikisha betri nzima hapo kwa usiku mmoja. Usiku mmoja wa kuacha taa zinawaka unaimaliza chaji, unaichosha, lakini ukiichaji kesho yake inarudi karibu yote. Hii ilikuwa imekufa kabla mpwa wangu hajapita geti la Loduare, lile la kuingilia Ngorongoro.

Nikamuuliza trela lilikuwa wapi kipindi cha masika. Akasema liliegeshwa uani mwa ofisi tangu mwisho wa Machi mpaka mwanzo wa Juni, kama kila mwaka. Jumanne akaomba ruhusa akaniletea trela lenyewe. Nilizima kila kitu, nikachomoa waya mmoja wa betri nikapitisha testa katikati, nione kama kuna kinachokula. Kulikuwa na ampea 0.05. Ukiiona hivyo unaweza kuidharau. Nikaufuata waya mpaka chini ya sakafu, nyuma ya tangi la maji, nikakuta traka ya GPS ambayo mtu aliifunga moja kwa moja kwenye betri bila swichi. Ampea 0.05 mara saa 24 ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Mara siku 60 ni ampea-saa 72. Ongeza na chaji ambayo betri ya maji hupoteza yenyewe ikiwa imekaa tu, utaona kwamba kufika katikati ya Mei betri ile ilikuwa chini ya nusu, na ikazidi kukaa na njaa wiki nyingine tatu uani, hatua chache kutoka kwenye soketi ya ukutani. Chaja ya usiku mmoja kila mwezi ingeiokoa.

Basi, huo ndio ushahidi wangu kuhusu nani aliyeua betri. Lakini sitaki kuishia hapo, maana hata betri ingekuwa mpya kutoka dukani, kwa jinsi trela lile lilivyofungwa na safari ilivyopangwa, friji ingezima tu, pengine usiku wa pili badala ya wa kwanza.

Kwanza ni waya. Wengi wanaamini kwamba gari likitembea, trela linachajiwa. Niliwasha injini nikapima kwenye altaneta, ile jenereta ya injini inayochaji betri: volti 14.2, safi kabisa. Nikaenda nyuma nikapima kwenye betri ya trela huku ikivuta ampea 10: volti 12.9. Volti 1.3 zimepotelea njiani. Sababu ni waya wa milimita za mraba mbili na nusu uliopita chini ya gari lililorefushwa, ukaingia kwenye plagi ya pini saba, ukaendelea hadi nyuma ya trela. Ni mita 9 kwenda na mita 9 kurudi. Shaba haina uchawi, waya mwembamba ukiwa mrefu unakula volti, na kila ampea inapoongezeka unakula zaidi. Betri ya risasi inataka ifike volti 14.4 hivi na ikae hapo saa kadhaa ndipo ijae, kwa sababu ile robo ya mwisho huingia polepole mno. Kwa 12.9 utaendesha kutoka Arusha hadi Seronera, zaidi ya kilomita 300, kutwa nzima, na betri itafika haijajaa. Waya wa mili 16 kwa umbali uleule na mzigo uleule unapoteza volti 0.2 tu. Gereji iliyofunga ule waya wa mbili na nusu siitaji. Nasema tu kwamba waya wa taa za breki haujatengenezwa kubeba chaji ya betri.

Pili ni ratiba, na hapa ndipo naona wenye kampuni hawajawahi kukaa wakafikiri. Trela likifika kambini linachomolewa. Asubuhi saa kumi na mbili gari linaondoka na wageni kwenda kutazama simba, linarudi jioni. Kutwa nzima altaneta inazunguka, lakini trela liko kambini peke yake na mpishi, friji inafanya kazi. Kwa usiku tatu Seronera, altaneta haimsaidii mpishi hata kidogo. Jioni dereva anaunganisha plagi na kuacha injini inaunguruma saa nzima. Injini ikiwa haijakanyagwa altaneta inatoa kidogo, waya unapunguza hata hicho kidogo, dizeli inaungua, na wageni waliolipa pesa nyingi waje wasikie fisi wanasikiliza injini. Saa nzima hiyo ukipata ampea-saa 10 umshukuru Mungu.

Tatu ni matumizi. Jumatano jioni nilimwita mpishi wao, kijana makini sana, tukaketi watatu na daftari. Friji ya lita 50 inavuta ampea 4.5 ikiwa inazunguka, na kwa joto la Seronera inazunguka kama saa 10 katika 24, hiyo ni ampea-saa 45. Taa tano za LED za watt 5, saa tano kila usiku, ni 10. Simu na betri za kamera za watu wote, 12. Laptopu mbili za wageni, 14. Pampu ya maji, 2. Mashine ya yule mzee ilikuwa na kile kitangi cha kupasha maji ili hewa iwe na unyevu, na ilipitia kwenye inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, kwa saa nane ni kama 33. Na inverta yenyewe, hata ikiwa haina kilichochomekwa, inakula ampea 0.6 kwa ajili ya kuwa macho tu. Mpishi aliniambia haizimwi kamwe, ile taa yake ya kijani huwa anaitumia kujua soketi iko wapi gizani. Saa 24 ni 14 nyingine.

Jumla ni ampea-saa 130 kwa siku. Betri ya risasi iliyoandikwa 100 hutakiwi kuitoa zaidi ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo una 50. Na hii N100 ni betri ya kuwashia lori, sahani zake ni nyembamba, imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache stata izunguke, kisha irudishiwe. Kuipa kazi ya friji usiku kucha ni kumtuma mkimbiaji wa mita 100 abebe magunia.

Sasa nani kati ya hao ni dereva? Dereva hakuchagua betri. Hakufunga waya. Hakupanga usiku tatu mahali pamoja. Hakujua kwamba mgeni anakuja na mashine, aliiona ikitolewa kwenye begi kambini, kiza kimeshaingia. Ofisi inamwuliza kila mgeni kama anakula nyama, kama ana mzio wa karanga, ana urefu gani ili apate godoro. Swali moja tu liongezwe kwenye ile fomu: una kifaa chochote cha umeme ambacho huwezi kulala bila nacho? Akijibu ndiyo, aulizwe kama kinakubali volti 12 moja kwa moja na kama kile kitangi cha kupasha maji kinaweza kuzimwa. Mashine nyingi za aina hiyo zina waya wake wa volti 12, na bila kupasha maji matumizi yanashuka hadi kama nusu. Kwa mzee yule hilo ni jambo la afya, linahitaji jibu wiki tatu kabla ya safari na daktari wake akijua.

Tulirudia ile hesabu upya. Inverta izimwe, iwashwe tu inapohitajika. Laptopu na kamera zichajiwe ndani ya gari mchana, kule altaneta inakofanya kazi, na simu nyingi pia. Mashine ya mzee itumie waya wake wa volti 12, kitangi kikiwa kimezimwa, hapo ni 16. Friji inabaki 45, taa 10, simu chache za usiku 4, pampu 2. Tukapata 77. Tofauti ya 130 na 77 haikugharimu shilingi.

Hapo sijamgusa mpishi, na mpishi ana mengi mkononi mwake. Friji ikiwashwa ofisini kwa umeme wa ukutani usiku wa kabla ya safari, nyama ikaingia imeganda na soda zimekwisha poa, ile friji inaanza safari ikiwa imepumzika. Ukipakia vitu vya moto asubuhi ya kuondoka, itazunguka bila kusimama mpaka Karatu. Na kreti nzima ya soda za moto ikiingizwa saa kumi na moja jioni, usiku huo sahau ile hesabu ya saa 10.

Hizo 77 zitoke wapi? Sola ndiyo jibu la kambini, lakini nayo inataka akili. Paneli ya watt 100 huku kwetu kaskazini, siku yenye jua zuri, itakupa ampea-saa 25 hadi 30 kwa siku, haikupi zaidi kwa kuwa imeandikwa 100. Paneli mbili ni kama 55. Betri mbili za kazi, za sahani nene, jumla 200, zinakupa 100 ya kutumia. Unatumia 77, sola inarudisha 55, unapungukiwa 22 kila siku, kwa usiku tatu ni 66, na unaondoka Seronera ukiwa bado na akiba. Ikitokea siku moja ya mawingu mazito akiba yote inakwisha lakini unafika.

Ila sola isifungwe juu ya paa la trela kisha trela likaegeshwa chini ya mgunga. Kila mtu kambini anatafuta kivuli, na ni haki, lakini paneli inataka kinyume chake. Nimejaribu hapa gereji: tawi moja la mwembe likipita juu ya paneli, kivuli cha upana wa mkono tu, kilishusha ampea kutoka 5 hadi chini ya 1. Seli zimeunganishwa kwa mnyororo, moja ikilala zinasimama nyingi. Bora paneli za kukunja na waya wa mili 6 wenye mita 10, trela likae kivulini na paneli zikae juani, mpishi azisogeze mara mbili kwa siku. Na lile vumbi la kutoka Olduvai mpaka Naabi, lililo laini kama unga, linalala juu ya kioo na kula sehemu nzuri ya jua lako. Kitambaa chenye maji, kila asubuhi kabla ya kupika.

Wako wanaoniambia siku hizi, fundi, achana na hayo, tuwekee lithiamu. Sipingani nao. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 12 hivi, unaitumia karibu yote, inachajika haraka, haiugui ikikaa nusu. Kwa kampuni inayofanya kazi mwaka mzima inalipa. Lakini ukiichomeka moja kwa moja kwenye altaneta ya Land Cruiser ya zamani inaweza kuivuta altaneta kwa nguvu zake zote mpaka iungue, na magari mapya yana altaneta zinazojishushia volti zenyewe, hivyo inaweza isijae. Inataka chaja ya DC-DC ndani ya trela, yenye kupandisha volti na kupima kiasi, na fyuzi kila mwisho wa waya, karibu kabisa na betri. Tena testa haitakuambia imebaki ngapi, kwa sababu lithiamu inasoma 13.2 au 13.3 kwa sehemu kubwa ya safari yake kisha inaporomoka ghafla. Utahitaji kile kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Mtu akikuuzia lithiamu bila hivyo vitu amekuuzia nusu ya kazi. Na kwa betri za maji, wekeni tundu la hewa kwenye kasha lake. Zikichajiwa zinatoa hidrojeni, na nimewahi kuona betri imefungiwa chini ya kitanda cha trela pasipo hata tundu la kupitisha kidole.

Narudi kwa dereva. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri anaweza kumkata mfanyakazi kwa hasara ikiwa tu hasara hiyo ilitokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Aandikiwe chanzo cha hasara, kiasi na hesabu yake. Apewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mpwa wangu analipwa Sh400,000 kwa mwezi, robo yake ni Sh100,000, wao wanamkata Sh120,000. Hakuandikiwa chochote. Na wanamdai bei ya betri mpya kwa betri ambayo tarehe iliyogongwa kwenye kifuniko chake inaonyesha ina miaka mitatu na nusu. Ana mtoto kidato cha pili. Makato ya mwezi wa kwanza yalikuwa ada.

Nimezungumza na madereva wengine wanne hapa gereji tangu niipime betri ile, na watatu wamewahi kulipa betri. Hakuna hata mmoja ambaye betri yake ilipimwa maji kwanza. Kipima maji kinauzwa kila duka la vipuri hapa mjini, ni kitu cha bei ya chakula cha mchana. Sielewi kwa nini kampuni yenye magari kumi haina hata kimoja.

Betri yenyewe bado iko hapa kwangu, chini ya meza, na sijamwaga maji yake. Traka nimeiacha ilipo ili ionekane, nimeichomoa fyuzi tu. Namba zote nimemwandikia mpwa wangu kwenye karatasi, upande mmoja vipimo, upande wa pili hesabu ya friji na taa, ameshaipeleka ofisini. Namwomba mwajiri wake, kama anasoma barua hii, aje mwenyewe au amtume fundi anayemwamini, siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana. Tutafungua vifuniko sita pamoja, atachovya kwa mkono wake, na atasoma mwenyewe.

Wako,
Fundi umeme wa magari,
Unga Limited, Arusha